Barua ya wazi kwa wasimamizi wa zao la korosho: stakabadhi isiishie mnadani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Kwa Bodi ya Korosho Tanzania,
Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma.
Nakala kwa vyama vikuu vya ushirika na mabenki yanayokopesha zao hili.

YAH: KOROSHO GHAFI KWA AJILI YA VIWANDA VYA NDANI

Waheshimiwa,

Ikifika Machi, korosho ya Kusini iko baharini au imeshashushwa Vietnam na India, na sehemu kubwa ya mashine za kubangulia za mikoa yetu zimefunikwa turubai. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba hatuna teknolojia, au wawekezaji hawana nia. Sisi tunaoandika barua hii ni watu wa kazi yenyewe: mafundi wa mashine, wapima ubora, wasimamizi wa zamu na watunza hesabu wa viwanda na vikundi vya ubanguaji. Jibu letu ni jingine. Kiwanda kinasimama kwa sababu kinalazimika kununua chakula chake cha mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa fedha taslimu, kikigombania mnadani na msafirishaji wa korosho ghafi ambaye mzigo wake utakuwa umelipwa na mnunuzi wake kabla ya Februari.

Nchi hii imewahi kujenga viwanda bila kufikiria korosho itatoka wapi. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vikubwa vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Wakati vinajengwa, mavuno yalikuwa yanaporomoka: kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ukamalizia kilichobaki. Viwanda vingine havikuwahi kuwashwa ipasavyo. Baadaye vikabinafsishwa, na majengo mengi yakaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli.

Leo hali imegeuka juu chini. Dawa ya salfa, miche bora na utafiti wa kituo cha Naliendele vimerudisha zao. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 310,000, na wa 2024/25 ukavuka tani 500,000. Zamani viwanda vilikosa korosho kwa sababu haikuwepo shambani. Safari hii vinaikosa huku maghala yamefurika.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu barua hii itasomeka kama malalamiko ya kawaida.

Tuchukue kiwanda cha ukubwa wa kati kinachobangua tani 10 za ghafi kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kinahitaji tani 3,000. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya mnadani ni shilingi 3,000 kwa kilo. Hizo ni shilingi bilioni 9, nazo zinatakiwa ndani ya wiki 10 hadi 14, kwa sababu mauzo hufunguliwa Oktoba na kufikia Januari maghala ni matupu. Hapo hujalipa mshahara, umeme, wala mfuko mmoja wa kufungashia. Ukikopa fedha hizo kwa riba ya asilimia 15, na kwa kuwa mzigo unapungua taratibu mwaka mzima, kwa wastani utakuwa unadaiwa nusu yake. Riba itakuwa shilingi milioni 675. Gawanya kwa kilo milioni 3: ni shilingi 225 kwa kila kilo ya ghafi. Na kwa kuwa kilo 4 za ghafi hutoa takriban kilo 1 ya karanga, yaani ile korosho nyeupe iliyokwisha kumenywa, kila kilo ya karanga inatoka kiwandani ikiwa imebeba shilingi 900 za benki kabla haijabeba kitu kingine chochote.

Mbanguaji wa Vietnam habebi mzigo huo. Yeye hununua Afrika Magharibi kati ya Februari na Juni, hununua Kambodia karibu na wakati huohuo, halafu Oktoba anakuja kwetu akiba yake inapoanza kupungua. Stoo yake ni ya miezi miwili au mitatu, si ya mwaka. Ndiyo maana anaweza kupandisha dau mnadani. Na hatulalamiki kwamba anapandisha, kwa sababu dau hilo ndilo linalompa mkulima wa Newala na Tandahimba bei nzuri. Tunachosema ni kwamba mashindano hayo hayaamuliwi na ufundi wa kubangua. Yanaamuliwa na nani ana fedha za muda mrefu.

Basi wengi wetu hufanya kinachowezekana: kununua kiasi ambacho mfuko unaruhusu, tuseme tani 700 au 800, na kuzimaliza kabla ya Pasaka. Mashine hulala miezi tisa. Kinamama waliokwisha kujua kumenya bila kuvunja hutawanyika, na msimu ujao unaanza kufundisha upya. Mtu mgeni kwenye meza ya kumenyea huvunja karanga nyingi mno katika wiki zake za kwanza, na karanga iliyovunjika huuzwa kwa bei iliyo mbali na ya nzima.

Sasa, ombi letu kuu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwenye korosho ulianza mwaka 2007, umemsaidia mkulima. Korosho inapimwa, inaingia ghala lenye leseni, inaandikiwa stakabadhi, inauzwa kwa mnada ulio wazi, na tangu msimu wa 2024/25 mnada wenyewe umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Lakini stakabadhi hiyo inakufa siku ya mnada. Mnunuzi analipa fedha zote ndani ya siku chache, anaondoa mzigo wake, kwisha habari. Tunaomba stakabadhi iendelee kuishi kwa mnunuzi ambaye ni kiwanda cha ndani.

Inavyoweza kufanyika ni hivi. Kiwanda chenye leseni ya kubangua kinashinda dau mnadani kama mnunuzi mwingine yeyote, kwa bei ileile ya siku, bila punguzo. Benki inalipa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (AMCOS) fedha zote katika muda uleule wa kawaida, mkulima asisubiri hata siku moja zaidi. Korosho haiondoki. Inabaki ghalani, inaandikiwa stakabadhi mpya kwa jina la kiwanda, na stakabadhi hiyo inashikwa na benki. Kila mwezi kiwanda kinalipia tani 250 pamoja na riba ya tani hizo tu, ghala linafungua, mzigo unatoka. Dhamana ya mkopo ni korosho yenyewe, si nyumba ya mtu wala hati ya kiwanja Dar es Salaam. Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala tayari ina mamlaka juu ya maghala, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo tayari inadhamini mikopo ya kilimo. Kinachokosekana ni kuvikutanisha vitu hivi kwenye mwongozo wa mauzo wa msimu.

Tunajua mahali mpango huu utakapovunjika usipoangaliwa, kwa hiyo tuseme mapema. Utavunjika kwenye unyaufu. Korosho iliyoingia ghalani ikiwa na unyevu wa asilimia 10 ikikauka hadi asilimia 8, kila kilo 100 zinabaki kilo 97.8. Kwa tani 3,000 ni tani 65 zilizopotea hewani bila mtu kuiba hata korosho moja. Bila kiwango cha unyaufu kilichokubaliwa na kuandikwa kabla, mtunza ghala atashtakiwa, kiwanda kitakataa kulipa, na benki haitarudi msimu wa pili. Kwa hiyo unyevu upimwe siku ya kuingia na siku ya kutoka, kwa kipima unyevu kilichohakikiwa, na uzito ulipwe kwa kurekebishwa kulingana na unyevu. Hiyo ni hesabu ya mstari mmoja. Karani yeyote wa AMCOS anafundishika hesabu hiyo asubuhi moja.

Pia utavunjika kwenye hifadhi. Mvua za Kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili, yaani miezi ileile ambayo korosho ya kiwanda itakuwa imelala. Korosho iliyoingia na unyevu wa asilimia 12, ikapangwa juu ya sakafu bila chaga na kubanwa ukutani, itaota ukungu katikati ya rundo, mahali ambapo hakuna anayeona. Juu na pembeni magunia yanaonekana safi kabisa. Anayevumbua ni mtu wa kiwandani mwezi wa tano, akipasua na kukuta karanga ya manjano yenye harufu. Na ukungu wa aina hiyo ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu ndiyo inayorudisha kontena kutoka bandari za Ulaya. Magunia ya juti, chaga, nafasi ya kupita mtu kati ya rundo na ukuta, na kufungua madirisha siku za jua: haya hayahitaji mradi wa wafadhili. Ila magunia ya juti yanahitaji kuagizwa mapema. Msimu ambao magunia yanachelewa ndio msimu ambao viroba vya nailoni vinaonekana kila mahali, na nyuzi za nailoni zikishaingia kwenye mzigo hazitoki tena. Zinasafiri hadi kwenye mfuko wa mlaji.

Jambo la pili ni ubora, nalo linatuumiza kuliko inavyosemwa mikutanoni.

Kwenye chama cha msingi korosho hugawanywa daraja la kwanza na la pili, mara nyingi kwa macho na kwa kuitikisa mkononi. Mbanguaji hanunui ganda. Ananunua kilichomo ndani, nacho hupimwa kwa KOR, yaani ratili (paundi) ngapi za karanga zinapatikana kwenye gunia la kilo 80. Kipimo si cha maabara. Unachukua sampuli kutoka magunia mengi ya rundo, ya juu, ya kati na ya chini, unazichanganya hadi ubaki na kilo 1. Unahesabu ziko korosho ngapi. Unazipasua zote kwa mkasi, moja baada ya nyingine, unatenga nzuri, zenye madoa, changa zilizosinyaa, na zilizooza. Unazipima kwa mzani wa gramu. Uzito wa nzuri ukijumlisha nusu ya uzito wa zenye madoa na changa, unazidisha kwa 0.176, namba inayogeuza gramu za kilo 1 kuwa ratili za gunia. Kwa mfano nzuri zikiwa gramu 262 na zenye madoa na changa gramu 24, hesabu ni 262 na 12, yaani 274, na KOR inakuwa 48. Kazi nzima haimalizi saa moja, na vifaa vyake ni mkasi, mzani mdogo, kipima unyevu, glavu na karatasi.

Tofauti kati ya rundo la KOR 46 na la KOR 50, yote yakiwa yameandikwa daraja la kwanza, ni ratili 4 kwa gunia, karibu kilo 1.8 za karanga. Kwa kiwanda chetu cha tani 3,000, ambazo ni magunia 37,500, tofauti hiyo ni tani 68 za karanga. Hiyo ndiyo faida ya mwaka, au hasara ya mwaka. Mnunuzi mkubwa wa nje ana wapimaji wake wanaozunguka maghala kabla ya mnada, kwa hiyo anajua rundo lipi ni lipi. Kikundi cha kubangua cha Mtama au Tunduru hakina mtu wa kumtuma maghala manane. Kinanunua kwa imani.

Tunaomba KOR, unyevu na idadi ya korosho kwa kilo viandikwe kwa kila rundo kwenye orodha ya mnada, vikiwa vimepimwa na mtu asiye wa muuzaji wala wa mnunuzi. Faida yake haitaishia kwetu. Mkulima aliyepuliza salfa kwa wakati, robo kilo kwa mti, raundi tano kila baada ya siku 14, akasubiri korosho idondoke yenyewe, akaianika siku mbili tatu hadi ikalia inapotikiswa, leo korosho yake inamwagwa kwenye rundo moja na ya jirani aliyeangua mbichi. Wanalipwa sawa. Msimu mmoja au miwili ya namna hiyo inatosha kumfanya na yeye aache kuanika. Rundo lenye namba yake lingemlipa aliyefanya kazi.

Tukiwa hapohapo: kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa siri nje ya mfumo rasmi, haitaisha kwa kukamata watu barabarani. Mtu anauza korosho yake Julai kwa bei ya kutupwa, ikiwa bado maua, kwa sababu ana mgonjwa au ada ya shule. Chama kinachoweza kumkopesha kiasi kidogo kwa makadirio ya mavuno yake ndicho kitakachomwondoa mikononi mwa kangomba. Hili si eneo letu, tunaligusa tu kwa sababu korosho ya kangomba ndiyo inayofika ikiwa mbichi na kuchanganywa ovyo.

Waheshimiwa, mara nyingi ziara za viwanda huonyeshwa mashine ya kukatia, kwa kuwa inapiga kelele na inapendeza kwenye picha. Fedha hupotea kabla na baada ya hapo. Inafaa wanaotunga sera wajue ni wapi.

Korosho inapofika kiwandani huchekechwa kwa ukubwa, milimita 18 hadi 20, 20 hadi 22, na kuendelea. Kiwanda kilichonunua mzigo mchanganyiko na hakina chekeche nzuri kitakula hasara papo hapo: kisu kilichotegwa kwa korosho kubwa kinaikosa ndogo, na kilichotegwa kwa ndogo kinaikata kubwa hadi kwenye karanga. Halafu zinapikwa kwa mvuke, kwa boila ndogo ni kama dakika 20 hadi 30 kulingana na ukubwa na ukavu. Mvuke ukipungua, karanga haiachani na ganda. Ukizidi, mafuta ya ganda yanapenya ndani na karanga inatoka na rangi ya kahawia. Baada ya mvuke, korosho lazima ipumzike na kupoa saa 12 hadi 24 ili ganda lirudie ugumu wake. Hapa ndipo msimamizi aliyebanwa na oda huharibu kazi: anakata korosho ikiwa bado vuguvugu, inavunjika na kupakwa mafuta kwa wakati mmoja.

Karanga iliyotoka kwenye ganda huingia tanuri la kukaushia, nyuzi joto 60 hadi 70, kwa saa 6 hadi 8, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 3 au 4 na ngozi nyekundu ianze kubanduka kwa kidole. Umeme ukikatika katika saa ya tatu ya kukausha, feni inasimama, trei za karibu na joto zinaungua na za mbali zinabaki mbichi. Ukirudisha zote tena tanurini, zile zilizokauka zinapasuka. Usiku mmoja wa umeme wa kukatikakatika unaweza kushusha tani nzima kutoka karanga nyeupe hadi zilizobabuka. Kwa hiyo tunapoomba laini ya umeme inayotegemeka kwenye maeneo ya viwanda, kongani (eneo la pamoja la viwanda) ya Maranje mkoani Mtwara ikiwemo, hatuombi taa. Tunaomba saa 8 zisizokatika.

Baada ya kumenya, karanga iliyokauka kupita kiasi hurudishiwa unyevu kidogo, hadi karibu asilimia 5, ili isivunjike kwenye kuchambuliwa. Kisha inapangwa kwa madaraja: W240, W320, W450, na vipande. Namba hizo ni idadi ya karanga kwa ratili moja. Mwisho inafungashwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ya kilo 22.68, hewa imetolewa na gesi imeingizwa. Mfuko ukiwa na tundu la sindano, mdudu anaingia na mafuta yanachacha, na mteja hakwambii kwamba ni mfuko mmoja. Anakwambia ni mzigo wote.

Ombi linalotokana na haya yote ni dogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo: maabara Mtwara inayoweza kupima sumukuvu na vimelea na kutoa cheti kinachokubalika kwa wanunuzi wa nje. Sampuli inayosafiri hadi Dar es Salaam na majibu yanayorudi baada ya siku nyingi ni kontena lililosimama na riba inayoendelea kuhesabika. Shirika la Viwango (TBS) na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wakikaa chumba kimoja karibu na bandari, mzigo unapita mlango mmoja.

Vikundi vidogo, ambavyo vingi ni vya kinamama, vina tatizo la namna yake. Kikundi kinachohitaji tani 5 kwa mwaka hakina mlango kwenye mnada unaouza mamia ya tani kwa rundo. Kikinunua moja kwa moja kwa mkulima, kimevunja taratibu na kinaitwa kangomba. Kwa hiyo kinaokoteza mabaki, kisha tunashangaa kwa nini korosho inayouzwa kando ya barabara ina madoa. Chama cha msingi kiruhusiwe kutenga magunia kadhaa kwa ajili ya vikundi vilivyosajiliwa katika kata yake, kwa wastani wa bei ya mnada wa wiki ile, fedha mkononi. Kiasi hicho ni punje baharini, hakuna mnunuzi mkubwa atakayekisikia. Na glavu zitolewe pamoja na mashine za kukatia zinazoendeshwa kwa mguu. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Majivu na mafuta ya kupaka ambayo wengi wanategemea yanapunguza tu, hayazuii.

Kuhusu maganda. Karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Kiwanda cha tani 3,000 kinazalisha tani kama 2,100 za maganda kwa mwaka, na wengi wetu tunayachoma kwenye boila jinsi yalivyo, moshi mweusi unaowasha macho ukielekea kwa majirani. Yakikamuliwa kwanza hutoa mafuta kiasi cha sehemu ya sita hadi ya tano ya uzito wake, ambayo duniani hutumika kutengeneza rangi, vanishi na vitambaa vya breki. Mashudu yanayobaki yanawaka vizuri zaidi na kwa moshi mdogo. Kiwanda kimoja hakiwezi kubeba gharama ya kinu cha kukamulia peke yake. Vitano kwenye eneo moja vinaweza. Kongani ipange hilo tangu kwenye ramani, si baada ya majengo kwisha.

Mabibo tunayapitia haraka, si kwa sababu hayana thamani. Kwa kila kilo ya korosho kuna kilo kadhaa za bibo, na bibo halilali: likiokotwa asubuhi lisipokamuliwa siku ileile limeanza kuchacha. Kiwanda cha juisi kilicho kilomita 60 kutoka shambani ni ndoto. Kinachowezekana ni mashine ndogo za kukamulia kijijini, na ukali unaokaba koo uondolewe kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kama gramu 5 kwa lita, uachwe usiku mmoja, kisha maji safi ya juu yamiminwe na kuchemshwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) linaweza kufundisha jambo hilo. Bila hivyo, yataendelea kuozea chini ya mikorosho au kuishia kwenye gongo.

Tunafika kwenye tozo. Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kubwa kati ya hizo. Tuseme ukweli usiopendwa: fedha hiyo mnunuzi huitoa kwenye dau lake, kwa hiyo anayeilipa kwa kweli ni mkulima. Hadi mwaka 2018 sehemu ya asilimia 65 ya tozo ilirudi kwenye zao. Sheria ya fedha ya mwaka huo ikaielekeza Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa bei ya dola 1,500 kwa tani, tozo ni dola 225. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya riba, tozo ya tani moja iliyotoka ghafi inatosha kulipia riba ya mwaka ya tani mbili na ushee zilizobaki kubanguliwa. Hatuombi ruzuku mpya. Tunaomba sehemu ya fedha hiyo iende kushusha riba ya stakabadhi tuliyoieleza, na ilipwe kwa kilo ya karanga iliyotoka kiwandani, si kwa kilo ya ghafi iliyoingia. Ukilipa kwa iliyoingia, utaona ghafi ikiingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Ivory Coast, ambayo leo ndiyo inayoongoza kwa kuvuna korosho duniani, imelipa ruzuku kwa kilo ya karanga, na ubanguaji wake umekua. Jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, baada ya viwanda vyao kufungwa miaka ya 1990, waliweka tozo ya asilimia 18 hadi 22 kwa sheria ya mwaka 1999.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku uuzaji wa ghafi mara moja. Tunapinga, ingawa mtu angetegemea tuwe wa kwanza kushangilia. Uwezo wa viwanda vinavyofanya kazi kweli uko mbali na tani 500,000. Novemba 2018 wafanyabiashara walipotoa bei ndogo na wakulima wakagoma kuuza, Serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 na jeshi likaitwa kusomba mzigo. Viwanda vya ndani havikuweza kumeza mzigo ule kwa msimu mmoja, na havitaweza leo. Wanunuzi wa nje wakifungiwa mlango kabla ya viwanda kuwa tayari, bei itaporomoka shambani na mkulima atakata mikorosho apande ufuta. Lengo la kubangua ndani lipandishwe kidogokidogo, kila msimu kiasi kilichobanguliwa kweli mwaka uliotangulia kiongezwe fungu fulani, na kiwanda kisichobangua kilichopewa kipoteze nafasi yake.

Mwongozo wa mauzo hutolewa kabla ya minada kuanza Oktoba. Ili stakabadhi ya kiwanda iingie humo, mabenki yanahitaji kuona kifungu cha unyaufu na cha ukaguzi wa maghala ifikapo Julai, na magunia ya juti yanatakiwa yawe yameagizwa kufikia wakati huohuo. Tuko tayari kukaa na wataalamu wa Bodi kuandika vifungu hivyo. Tutakuja na mikasi yetu, mizani, na vitabu vya hesabu vya misimu iliyopita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wabanguaji, mafundi na wapima ubora wa korosho,
Mtwara, Lindi na Ruvuma